Rodi ya Rivasi

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini jioni, na mnaoishi Minnesota mnajua kwamba Desemba saa hiyo ni usiku. Sikuwa nimelewa wala kusinzia. Mimi ni mtu wa kupima kitu mara mbili, na haya yalinikuta mimi mwenyewe.

Nilikuwa nafufua gari la Kimarekani la mwaka 1969, limpeleke binti yangu Neema kanisani siku ya harusi, mwezi Mei. Lilibaki jambo moja: mkono wa gia wa asili, na rodi tatu zinazouunganisha na giaboksi. Mwaka mzima wauzaji walinipotezea muda. Ndipo mmoja akaniita mtaa wa Frogtown, kwenye banda nyuma ya University Avenue.

Alikuwa mzee wa Kizungu, kavaa shati jepesi kwenye baridi ile. Kwa uchovu nikamwamkia kama ningemwamkia mzee yeyote wa kwetu Moshi: "Shikamoo."

"Marahaba," akajibu, bila kuinua kichwa.

Wewe ungeondoka, sivyo? Lakini vyuma vilikuwa mezani, vya asili kabisa, na kirungu cha gia kilikuwa cha moto, kana kwamba mkono umetoka kukishika sasa hivi. Nikalipa harakaharaka, ndipo nikahesabu. Rodi mbili. Nikauliza ya tatu, ya rivasi, ile ya kurudisha gari nyuma.

"Hiyo bado naitumia," akasema, kwa Kiswahili safi kuliko cha wanangu.

Kesho yake nilikwenda kuidai. Hakukuwa na banda. Kulikuwa na kiwanja kitupu chenye theluji, na nyayo za viatu vyangu za jana, zangu peke yake, zimekwenda mpaka katikati zikageuka.

Nimenunua rodi mpya tatu za rivasi, moja baada ya nyingine. Mezani kila moja ina kipimo sawasawa. Chini ya gari inapungua upana wa kidole. Siku ya harusi tulifika vizuri, lakini kutoka maegeshoni vijana wa kanisa walilazimika kulisukuma kinyumenyume. "Baba Neema," mmoja akaniuliza, "hili gari au mkokoteni?"

Na niamini, kila jioni saa ileile mkono wa gia unajisogeza wenyewe kwenye rivasi, unatetemeka kidogo, unatulia. Mke wangu anaogopa. Mimi nimechoka tu. Kama yule mzee anaitumia rodi yangu, si aniazime hata Jumapili?

Basi hesabu vyuma kabla ya kulipa, na asiyepaswa kuijua shikamoo akiiitikia, ondoka. Mimi nilimlipa mia sita, nikaongeza mia na thelathini na tano za rodi zisizofika. Gari lisilorudi nyuma limenila dola mia saba thelathini na tano.