Mgeni wa Ndoto za Ami Badi

Ami yangu Badi alikuwa mshona magodoro ya sufi hapa Malindi, na hakuna godoro lililotoka mkononi mwake asilolilalia kwanza. Eti akijaribu mishono! Mteja aje kuchukua lake, amkute fundi anakoroma juu yake, sufi imemjaa ndevuni. Kazi ya kuwapoza wateja ikawa yangu.

Lakini usingizi wake ulikuwa na mgeni. Kila alipolala humwona Kitsao, kijana wa Kigiriama wa Ganze aliyekwenda naye Bama, vita vya Waingereza na Wajapani. Kitsao alipigwa risasi huko msituni akafia mapajani mwa ami, na ami ndiye aliyemzika, mvua ikinyesha. Ndotoni alikuja vilevile, kijana bado, maji yakimchuruzika, akasimama mlangoni asiingie.

"Karibu, ndugu yangu," ami humwambia. Kitsao huangaza macho huku na huku, asijibu neno.

Vita vilipokwisha ami alikwenda hadi Ganze kuwapasha habari jamaa zake Kitsao. Akakuta boma limeota magugu. Njaa ilikuwa imewahamisha, na majirani hawakujua walikoelekea.

Mwaka wa ukame, themanini na nne, alikuja mwuza sufi kutoka Gede, jina lake Charo. Katika kupiga soga akasema, "Mjomba wangu Kitsao naye alikwenda Bama. Hajarudi bado."

"Hajarudi bado?" Sindano ikamponyoka ami.

Kesho yake tulikuwa Gede kwa Kabibi, mamake Charo, dadake Kitsao. Uani palisimama koma, vile vipande vya mti Wagiriama wanavyowasimamishia wafu wao, vimefungwa vitambaa. Kulikuwa na cha mamake Kabibi na cha mumewe. Cha Kitsao hakikuwapo.

Ami akamweleza yote. Kabibi akasikiliza hadi mwisho, kisha akasimama kwa hasira.

"Muongo! Kwetu mtu akifa huja ndotoni kwa wenyewe, akasema ana baridi, akataka koma yake. Mama alimngoja mpaka akafa. Mimi namngoja hadi leo, hajaja hata mara moja. Basi yu hai! Nikimsimamishia koma mtu aliye hai, si nitamuua mimi?"

"Huja kwangu, dada," ami akasema polepole.

"Kwako? Damu nzito kuliko maji, mzee. Aniache mimi, aende kwa Mswahili wa Malindi?"

Ulimi uliniwasha! Ami akanikata jicho. Akasema, "Husimama akivuta sikio lake la kushoto, vile alivyozoea akiwaza jambo."

Kabibi akaketi. "Na husema nini?"

"Hasemi. Huangaza macho tu, huku na huku."

"Masikini ndugu yangu," mama wa watu akasema. "Alituacha Ganze. Hajui kwamba tulihama. Njia anayoijua ni ya kwako peke yako." Hapo ndipo alipolia, nami hasira zikaniisha.

Alipojifuta machozi akamshika ami mkono. "Akija, mwambie asihangaike na Ganze. Afuate barabara ya lami hadi Gede, akate kushoto penye duka, apite mahindi yaliyokauka. Na mwambie asitafute msichana. Nimeota mvi sasa. Asinipite." Akamkaririsha ami maneno yale tena na tena, kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Alasiri ile, tuliporudi Malindi, ami alilala. Alipoamka akasema amemwelekeza, na Kitsao ameitikia kwa kichwa.

Hazikupita siku nyingi Charo akaja anacheka. Mamake ameota, Kitsao amesema ana baridi, na koma yake imesimamishwa. Ami akasema alhamdulillahi, akamkirimu kahawa.

Baada ya hapo ami alilala mchana, akalala na usiku, akaacha hata kazi za watu. Siku moja nikamkuta barazani macho mekundu, nikamuuliza anaumwa nini.

"Haji tena, Tumu," akasema. "Bama nilimzika sikulia, maana kila nikilala nilikuwa naye. Kwangu mimi, Kitsao amekufa juma hili."