Mito ya Wagonjwa wa Macho

Fundi wa makochi alikuwa bingwa wa kujisifu, na tumpe haki yake, cha kujisifia alikuwa nacho. Mpe kochi lililotoka mbavu, atakurudishia kitu ambacho mgeni akikikalia anasahau kilichomleta. Ila macho yalimkimbia. Ulikuwa ugonjwa wa ukoo: ulimla baba yake, ukamhamia yeye. Kwanza giza la jioni likawa ukuta, kisha pembeni kukafutika, hata akabaki anaitazama dunia kama anayechungulia bomba. Kazi ikahamia vidoleni.

Pale kliniki ya macho wagonjwa walikuwa na utaratibu wao. Kila mwaka kila mmoja alileta alichokitengeneza mwenyewe, vikauzwa uani, na pato lote likaenda kwa watafiti wanaoitafuta dawa ya ugonjwa huo. Mama mmoja alifuma vitambaa vya meza vilivyokwenda upande kama kaa, vikanunuliwa hivyo hivyo. Fundi alitoa mito, aliyoishona kwa mabaki ya vitambaa vya makochi.

"Mimi natoa kwa ajili ya watoto wa watu," alitamba, akijipiga kifua. "Wangu mzima! Huu ugonjwa umeishia kwangu, nimeufungia mlango na komeo juu."

Wake alikuwa binti mmoja tu, aliyeachiwa na marehemu mkewe. Hakuna daktari aliyemwambia kwamba ugonjwa umeishia kwake. Binti hakuwahi kupimwa. Fundi alilijua hilo, na alilizunguka kwa mbali, kama mtu anayepita alipolala mbwa mkali.

Jioni ya kuamkia mauzo walikuwa karakanani, binti anajaza sponji, baba anashona midomo ya mito. Taa ilikuwa moja, nayo imefifia.

"Shika foronya hii ya kijani," alisema baba, akimnyooshea ubavuni.

"Lete basi, baba."

"Si hii hapa!"

"Hapa wapi? Acha kunichezea, mzee. Utani wako uweke wa kesho, ukawauzie wateja."

Fundi akacheka. Kisha akageuza kichwa kumtazama. Foronya ilikuwa karibu imguse binti sikio, naye alikuwa anatazama mbele moja kwa moja, mkono wake unapapasa hewa. Fundi mwenyewe alipapasa hivyo miaka nenda rudi, akisingizia uchovu.

Akaisogeza foronya taratibu mpaka mbele ya pua ya binti.

"Ahaa! Umechoka mchezo," alisema binti, akaipokea.

"Mama," baba alimwita, kama alivyomwita tangu utotoni. "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifiche. Kwenye kuficha, mwalimu ni mimi."

Binti alisokomeza sponji, akasokomeza tena, ingawa mto ulishajaa.

"Tangu nilipotumbukia kwenye ule mtaro. Nilikwambia ni viatu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, baba? Kila anayeingia hapa unamwambia wako mzima. Na ulikuwa unafurahi."

Fundi alichomeka sindano kwenye kitambaa, akaichomoa, akaichomeka tena palepale.

"Hiyo dawa," aliuliza binti, "wataipata lini?"

"Wako karibu. Daktari alisema wako karibu sana, mwanangu."

Daktari hakusema hivyo. Mauzo yaliyopita alisimama mbele ya wagonjwa, akawashukuru, akawaeleza bila kuwapaka mafuta kwamba utafiti huenda polepole, na kwamba watakaonufaika huenda wakawa wajukuu. Binti alikuwepo siku hiyo, ameketi karibu na baba yake, amemshika mkono.

"Haya, tumalizie," alisema sasa. "Tusiwacheleweshe hao watafiti."

Fundi akaokota foronya nyingine. Akainama juu ya meza, akautafuta uso wa bintiye mpaka akaupata, akaishika foronya mbele ya macho yake kabisa, akangoja.