Kuizoesha injini ya Peugeot ya marehemu mzee kulivyozua msiba Koboko

Wakuu, habari za weekend. Nasimulia kama ilivyotokea, anayebisha aje huku Arua, Uganda, nimpe lifti.

Mzee wetu alituachia Peugeot 504. Ilikaa chini ya turubai nyumbani Oli miaka mingi, injini imechoka, inakula oili kuliko petroli. Ukiiwasha, moshi wa bluu unafika hadi kwa jirani.

Kaka yangu Drani alishapata mnunuzi wa chuma chakavu. Mimi moyo ulikataa. Mama kiuno chake hakiwezi kubanwa kwenye taxi, vile vibasi vya abiria, na hajamwona mdogo wake wa Koboko tangu tumzike mzee.

Nikaomba nafasi moja: niifufue injini, ikienda Koboko na kurudi salama, ibaki. Ikikwama, iende kwenye chuma. Drani akakubali huku anacheka.

Jamani, niliifurahia ile kazi. Kila jioni niko gereji kwa fundi Rajabu, mikono myeusi tii. Silinda zikachongwa, pistoni na ringi mpya, beringi mpya. Gasketi ilitoka upande wa Kongo, msiniulize ilivukaje. Siku ilipowaka bila moshi nilicheka peke yangu kama chizi.

Rajabu akanipa sharti. "Ringi bado haijakaa. Usikimbize yeye. Enda pole, wacha malori ipite."

Jumapili nikampakia mama na gomesi yake nyeupe, lile gauni refu la heshima. Drani nyuma, shahidi. Malori ya Juba yakawa yananipigia honi, nikawasha taa na hazard wanipite.

Hapo ndipo nilipoboronga. Watu wa kwetu mnajua: gari limeng'arishwa, linatembea polepole, taa zinawaka mchana, hilo limebeba maiti. Mimi macho yote yako kwenye geji ya joto.

Tukishapita Maracha, naona bodaboda zimejipanga nyuma yetu, hakuna anayepita. Watembea kwa miguu wanavua kofia. Drani akasema watu wa huku wana adabu sana.

Kumbe mtu mmoja aliyelitambua gari alishapiga simu Koboko.

Tunaingia uani, viti vimepangwa, wanawake wanalia. Mama mdogo anakuja mbio analitaja jina la mama. Mama akafungua mlango mwenyewe, akashuka.

Mama mdogo akakaa chini mchangani. Akamshika dada yake miguu, akapanda na mikono mpaka usoni. Halafu wote wawili wakaanza kucheka na machozi juu.

"Kama kufa iko hivi," mama mdogo akasema, "ukuje kila Jumapili."

Wakuu, nililia na sioni aibu.

Waombolezaji hawakuondoka, chakula kilikuwa kimeshapikwa, tukala. Bodaboda nao wakala.

Nilipomgeukia Drani, alikuwa pembeni ana simu sikioni. Hata safari ya kurudi hatujaianza. Nikamsikia anamwambia yule wa chuma, "Hapana, haiuzwi. Mama iko natumia."

Nilichojifunza: injini mpya iendeshe pole, ila hazard uzizime. Na gari bovu la mzazi usikimbilie kuliuza kabla hujamuuliza mama anataka kwenda wapi.

Wenye 504 humu, mnatumia oili gani baada ya kufufua? Na aliyewahi kusindikizwa akiwa hai, hebu ashuke hapa chini tucheke wote. Mimi natoka kidogo, mama ameshakaa kwenye gari.