Gari Lililofundishwa na Dada Yangu

Kwa mwaka mmoja na miezi miwili dada yangu Sabina alilifundisha gari kuendesha. Alilifundisha kila asubuhi, kutoka Kirumba hadi shuleni Nyakato, ameketi kiti cha mbele kushoto, mkoba mapajani, akitaja kwa sauti kila alichokiona barabarani. "Bajaji kushoto. Mama ana beseni, anataka kuvuka. Tuta hilo, tuta. Kuna baiskeli, mpishe." Nyuma walikaa watoto wanne wa mtaani kwetu, mmoja wao mjukuu wangu Favour wa darasa la pili. Kwenye usukani alikaa mumewe, shemeji yangu Luhende, na habari hii ni yake.

Mtaa mzima ulimcheka dada. Mimi Mhoja, fundi cherehani, nilicheka kuliko wote, tena nikiwa na haki zote za ushemeji. Leo naandika kwa hasira, na nusu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Luhende aliendesha malori miaka thelathini na minne. Alipakia dagaa pale Mwaloni akawapeleka hadi Kongo, kwenye njia ambazo wenzake walizikataa. Hakuwahi kupindua gari. Ukimkuta kibarazani kwangu ungemsikia akisema, "Mimi sijawahi kuua hata kuku," na alikuwa akisema kweli. Alipostaafu tulidhani angenunua ng'ombe kama wazee wengine. Badala yake aliuza kiwanja cha Buhongwa bila kumwambia dada, akaenda yadi moja ya magari kule Mirongo, akarudi na gari dogo la rangi ya fedha lililotumika Japani, lenye kioo kama cha televisheni katikati ya dashibodi.

Juu ya bei ya gari alilipa milioni tisa nyingine. Milioni tisa hizo zilikuwa za gari kujiendesha lenyewe. Ila huko kujiendesha kwenyewe kulikuwa bado hakujafika. Kijana wa yadi, jina lake Obedi, alimweleza kwamba kungekuja kwa mtandao ndani ya miezi sita, kama programu inavyoingia kwenye simu, na kwamba aliyelipa mapema alikuwa amewahi kabla bei haijapanda. Kwenye kile kioo kulikuwa na kitufe cha kijivu. Ukikigusa yalitokea maneno ya Kiingereza, ambayo Favour alitusomea kwa madaha kwamba yanasema inakuja karibuni.

"Shemeji," nilimwambia siku ya kwanza, "umemaliza kutoa mahari na bibi harusi hajazaliwa."

Alicheka. Akasema gari la namna hiyo linajifunza, na kwamba Obedi mwenyewe alimwambia hivyo. Linahitaji mtu wa kulitajia barabara kwa sauti, polepole, ili siku kitufe kikiwaka likute linaijua Mwanza. Akampa dada kazi hiyo. Dada aliishia darasa la nne na maisha yake yote alitamani kuwa mwalimu. Aliipokea kazi ile kama aliyeajiriwa na serikali. Siku ya mafua alifundisha kwa sauti ya kukwaruza.

Miezi sita ikapita, ikapita na mingine. Kitufe kilibaki kijivu. Mimi sikuchoka kumtania Luhende, na yeye hakuchoka kunijibu.

"Mimi sioni, shemeji," alikuwa akisema mbele za watu, mikono juu. "Naendeshwa na dada yako mpaka hili gari lipate akili."

Tulicheka mpaka machozi. Alisema hivyo mara nyingi mno. Alitwambia, jamani! Alitwambia kwa mdomo wake, mchana kweupe, nasi tukashika mbavu.

Jambo jingine lililotuchekesha lilikuwa la mwezi wa tatu. Dada aligundua habari ya kile kiwanja cha Buhongwa, akanuna. Asubuhi hiyo alipanda gari kama kawaida lakini kutoka Kirumba hadi Nyakato hakufungua mdomo. Basi Luhende akaanza kumbembeleza. Alimwahidi vitenge. Alimwahidi jiko la gesi. Alisimamisha gari mara nne kando ya barabara akisema, "Mama Queen, nakuomba sana, sema neno, sema lolote," huku sauti ikitetemeka na watoto nyuma wakichekelea. Dada aliileta hadithi hiyo kibandani kwangu mbele ya wateja.

"Mwanaume wa miaka sitini na tatu," alisema, ameweka mkono kiunoni, "ananililia mbele ya watoto!"

Wanawake waliokuwepo walimwonea wivu. Mimi nilikuwa nampima mtu mabega, nikasema huo ndio upendo.

Sasa tuje Jumamosi iliyopita. Kaka yetu Machibya wa Misungwi alipiga simu kwamba magunia yetu ya mahindi yako nje na wingu limefunga. Dada alikuwa na wageni wa kwaya ya kanisani, asingeweza kutoka. Luhende akasema tusubiri Jumatatu.

"Unaogopa kwenda Misungwi bila mama?" nikamwuliza.

 Nikamchokoza mpaka akachukua funguo. Nataka hilo lijulikane: mimi ndiye niliyemtoa nyumbani.

Tulipotoka mjini alilishika lori moja la saruji mkiani na hakuliachia. Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa, tuko nyuma ya lori, tunakula vumbi la saruji. Lori likipunguza, naye anapunguza. Likisimama, naye anasimama. Nikamwambia apite, barabara nyeupe. Akalibana vile vile. Jasho lilikuwa likimtoka na dirisha liko wazi. Pale Usagara lori likakata kulia, sisi tukaenda moja kwa moja, na ghafla hatukuwa na kitu mbele yetu.

"Shemeji," akasema, "hebu na wewe lifundishe gari kidogo. Nitajie barabara."

Hiyo kwangu ilikuwa sikukuu. Nikajiweka sawa kitini, nikashika mkoba wa kufikirika mapajani, nikaigiza sauti ya dada. "Twiga kushoto, mpishe. Askofu yuko juu ya baiskeli. Simba huyo, tena ana tiketi." Luhende alitabasamu kidogo, macho yamekazwa mbele. Hapo ndipo nikaamua kumshtua. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Mtoto! Mtoto anavuka, shemeji!"

Barabara ilikuwa tupu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, lami imenyooka mpaka macho yanapoishia, na hakukuwa na mtoto, hakukuwa na mbuzi, hakukuwa hata na mfuko wa nailoni unaopeperuka.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mkanda ulinikaba kifuani, gari likayumba, likasimama limekaa mshazari. Nikaanza kucheka. Luhende hakuitazama barabara. Alinigeukia mimi, midomo imekauka.

"Nimemgonga?"

"Nani?"

"Mtoto. Shemeji, niambie ukweli. Nimemgonga?"

Niliacha kucheka. Nilimtazama yule mtu, ananitazama usoni sawasawa, na sikuelewa. Kisha nikanyoosha mkono wangu pembeni ya kichwa chake, karibu kabisa na sikio, nikachezesha vidole. Hakupepesa jicho. Nikahamishia upande wa pili. Hakuna. Alikuwa bado anasubiri nimwambie kama ameua mtoto.

"Hakuna mtoto," nilisema. "Nilikuwa natania."

Akaweka paji la uso kwenye usukani.  Mimi nilishuka nikazunguka gari, nikazunguka tena, nikampigia Machibya aniletee dereva, mtu yeyote mwenye leseni na macho. Hayo maneno mawili niliyatamka kwa kelele, na Machibya akaniuliza kama nimelewa.

Tulisubiri saa nzima kando ya barabara, na humo ndani ya hiyo saa akanieleza. Ni presha ya macho. Ilianza kabla hajastaafu. Kwanza pembeni kulififia, kisha kukaingia giza kutoka kila upande.

"Nikikutazama usoni nakuona mpaka ndevu," alisema. "Gazeti nasoma. Lakini mikono yako siioni, na gari linalotoka kando silioni mpaka liwe mbele yangu. Ni kama kuchungulia kwenye bomba. Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba."

Daktari alimpa dawa ya matone, ile ambayo sisi tulidhani ni ya vumbi, na akamwambia kilichopotea hakirudi. Alimwambia pia aache kuendesha.

"Kwa nini hukuacha?"

"Nilipiga hesabu, shemeji. Daktari alisema kama mwaka mmoja na nusu hivi ndipo nitaanza kuhitaji mtu wa kunishika mkono. Gari, Obedi alisema miezi sita. Nikaona gari litawahi."

Nilikaa chini kwenye majani. Mtu amekaa peke yake, ameweka macho yake upande huu na ahadi ya kijana wa yadi upande ule, akaona ahadi inawahi! Na katikati ya hesabu hiyo amewapakia watoto wanne. Nilimwona Favour na shati lake jeupe, mkanda umempita shingoni kwa sababu ni mfupi. Mimi ndiye niliyekuwa namfunga mkanda ule kila asubuhi na kumwambia amwamkie babu.

Nilimnyang'anya simu nikampigia Obedi. Alipokea kwa furaha. Nilimwuliza kitufe kitawaka lini. Akasema mwezi ujao, au ule unaofuata, inategemea na wenye programu. Nikamwambia mzee alilipa ili gari limwendeshe. Akasema stakabadhi iko wazi kabisa, imeandikwa "huduma itafunguliwa itakapopatikana," na wateja wengine wanasubiri kwa amani.

"Kwa sasa, mzee wangu," akamalizia kwa upole, "aendeshe kama kawaida tu. Macho barabarani."

Nilitaka kuitupa ile simu porini. Luhende aliipokea, akaifuta kwa shati, akaitia mfukoni. Alikuwa amesikia yote.

Machibya alimtuma jirani yake aitwaye Chenge, mtu mfupi anayeendesha gari la kiwanda cha pamba. Mahindi tuliyasahau. Luhende aliketi kushoto, mahali pa dada, mimi nyuma, mahali pa Favour. Njiani mara mbili nilimwona Luhende akikanyaga sakafu pasipo na breki.

Wageni wa kwaya walikuwa wameondoka. Dada alikuwa barazani anapepeta mchele. Alilitambua gari kwa mbali, akamwona mumewe ameketi kushoto, mikono mapajani. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha mbele, na kichwa cha Chenge kilikuwa hakifiki juu ya usukani. Sabina akasimama. Ungo ukaanguka, mchele ukamwagika.

"Limejua!" alipiga kelele. "Jamani, limejua! Njooni mlione!"

Na akapiga vigelegele. Watoto walitoka mbio kutoka kila nyumba, Favour akiwa wa kwanza. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea mlango wa kulia ulipofunguliwa, na Chenge akashuka, akasema shikamoo.

 Nilitaka nimweleze dada mimi, lakini Luhende alinizuia kwa mkono. Alishuka mwenyewe akipapasa mlango. Alimwambia pale pale, juu ya mchele, kwa maneno machache kuliko aliyoniambia mimi. Daktari, bomba, miezi sita.

Sabina hakulia na hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama macho kana kwamba yameandikwa kitu.

"Gari halijifunzi?" akauliza mwishowe.

"Halijifunzi."

"Sasa mimi nilikuwa namwambia nani?"

"Mimi."

Nikadhani angemchapa kofi, na ningelipongeza. Lakini uso wake ulikuwa unabadilika polepole, anakwenda nyuma, siku moja moja, na nikaona anapofika. Mimi nilikuwa nimeshafika hapo tangu Usagara.

"Ile siku niliyokununia," alisema.

Luhende akainamisha kichwa.

"Ulisimamisha gari mara nne. Ukaniahidi jiko. Ukasema, sema neno, sema lolote." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe hukuwa unanibembeleza."

"Nilikuwa nakuomba uniambie kuna nini mbele."

Favour alikuwa amefika, akasimama ubavuni kwa Luhende, akamwamkia. "Shikamoo, babu." Luhende aligeuza kichwa huku na huku akiitafuta ile sauti, na mtoto yuko hapo hapo, angeweza kumgusa.

Dada alimtazama mtoto, kisha akamtazama mumewe.

"Na mimi nilikuwa naona," alisema. "Baba Queen, siku hiyo nilikuwa naona kila kitu, nikanyamaza."