Inzi wa Maji Makali na Suruali Yangu Ndefu

Enzi zetu kule Itebero, hapakuwa na mvulana aliyevaa suruali ndefu kabla ya kumaliza shule ya msingi. Kaptula ya kaki ilikuwa sheria, na asubuhi tulipojipanga mbele ya darasa, miguu yote ilikuwa wazi. Nakumbuka harufu ya moshi katika mashati yetu, mihogo ya kuchoma tuliyoificha mifukoni, na sauti za wenzangu nyuma yangu: "Chui anapita! Mumuachie njia!"

Ngozi ya miundi yangu ilikuwa na mabaka meupe, nami nilijikuna hadi kutoka damu. Watu walisema ni uchafu. Mama, mwanamke safi kuliko wote waliomsema, aliikubali hukumu hiyo. Kila alasiri alitupeleka sisi wanawe mtoni, pale maji yanapokimbia juu ya mawe, akiamini kwamba maji makali huondoa kila kitu. Alitusugua kwa sabuni ya mawese huku akisema, "Simama muzuri! Kesho hawatapata ya kusema." Tulisimama. Inzi wadogo weusi wakatua miguuni mwetu na kunywa walivyotaka.

Naomba jambo hili liwekwe sawa, maana hata wenye diploma hulikosea: mdudu huyo si mbu. Ni inzi mdogo mweusi, mwenye kibiongo na mabawa mapana. Huuma mchana, huzaliana katika maji yale yale yanayokimbia, na ndiye anayeeneza ugonjwa ule wa kujikuna. Hakuna aliyemwambia Mama. Alizikwa akiamini kwamba hakutusugua vya kutosha.

Nilipoingia kazini katika ofisi ya serikali kule Masisi, suruali ndefu ilinisitiri hadi nikastaafu.

Hivi karibuni binti yangu Furaha, ambaye ni muuguzi, aliombwa na wakubwa wake picha za wadudu hao, ili ijulikane ni aina gani inayouma mtoni kwetu. Inzi lazima apigwe picha akiwa hai, ametulia juu ya ngozi. Vijana wa leo, wanaopiga picha hata sahani ya mboga ya sombe kabla ya kuionja, hawawezi kuvumilia kuumwa hata kidogo.

"Papa, weye njo unajua kuvumilia," Furaha aliniambia tulipofika mtoni. "Pandisha suruali kidogo tu."

Nikaipandisha. Mwenzake wa kazini, Kambale, aliyeshika simu, aliona mabaka yangu, kisha akageuza macho upesi kuelekea majini. Adabu yake iliniumiza kuliko matusi ya shuleni. Inzi akatua. Furaha akapaza sauti: "Njo huyu! Mupige!"

Nikampiga kofi. Akabaki doa la damu.

"Papa! Nilikuwa naambia Kambale amupige foto!"

"Ungetaja foto," nilimjibu kwa sauti yangu ya ofisini.

Akina mama waliokuwa wakifua nguo walicheka hadi wakaacha kazi. Wakasogea kutazama, nami nikalazimika kuipandisha suruali tena, safari hii mbele ya wote.

Inzi wa pili alikubali. Picha ilitoka safi: kibiongo, mabawa, na chini yake muundi wangu.

"Tutaibandika ku ukuta ya kituo ya afya," Furaha alisema. "Papa, nikate muguu ao niache? Watu wakiona haya mabaka, watajua njo huyu inzi anayaleta. Wataacha kusema ni uchafu."

Nilimkumbuka Mama. Nikajua ni jibu gani lingemsafisha jina.

"Kata," nikasema badala yake.

Akauondoa mguu kwenye picha. Enzi zetu, aibu ilihitaji sabuni, mto na mikono ya mama. Siku hizi huondolewa kwa kidole kimoja juu ya kioo cha simu. Picha ipo ukutani, inzi peke yake, mkubwa kama kuku. Akina mama huitazama, husifu simu iliyoipiga, kisha huwachukua watoto wao wanaojikuna na kushuka nao mtoni, wakawasugue.