Kuzunguka Bonde Mikono Mitupu

Jumapili ile wifi yangu aliniwekea sharti: nikienda tena bondeni bila shughuli, ataitisha kikao cha ukoo. Tunauza viatu vya mitumba meza moja pale Mchikichini, na kwa upande wake alikuwa na haki kiasi. Watu walishaanza kuuliza. Mwanamke mtu mzima, mke wa kaka yake, kila Jumapili asubuhi anateremka peke yake kwenye matete, anarudi hana hata fungu la nyanya. Kama si mwanamume, basi ni mganga.

"Unaenda kufanya nini huko?"

"Kuzunguka bonde. Natokea hapa, napita kwenye chemchemi, narudi hapahapa."

"Sasa kama unarudi hapahapa, si bora usitoke?"

Jirani yetu wa duka la mabegi akaangua kicheko. Yeye Mchaga, mimi Mpare, kwa hiyo ni mtani wangu. Hana adabu nami, nami sina naye. "Mpare huyu ana kesi na vyura," akasema, maana Wapare tunasemwa kwa kupenda kesi. "Mwache akasikilize hukumu."

"Wewe ukikosa mteja njiani unaona umepotea," nikamjibu.

Zaidi ya hapo sikujua kueleza. Niliishia darasa la saba, na hata sasa ninapoandika sina hakika kama sababu ninayo. Ninachojua ni kwamba wiki nzima miguu yangu inasimama kwa ajili ya miguu ya watu wengine. Nikamwambia wifi twende wote, ajionee, halafu aitishe kikao chake.

Tukateremka. Njia yenyewe nyepesi, tambarare tupu, hata mwenye goti bovu anaimaliza. Sitaki kudanganya: mwanzoni kunanuka, na chupa za plastiki zimejaa kwenye matope. Masika hakupitiki kabisa. Lakini ukishayapita matuta ya mchicha, kelele za Kariakoo zinabaki nyuma na unasikia matete yanasuguana. Yangeyange walisimama majini, weupe, hawana habari na sisi. Pale kwenye chemchemi maji yanabubujika kutoka mchangani, yanainua chembe za mchanga na kuziachia, yanainua tena. Nilichutama kuyatazama. Wifi alibaki amesimama, pochi kwapani, akiangaza kama kuna mtu anatuona.

Mtu alikuwepo. Mama mmoja aliyekuwa akimwagilia mchicha alitusalimu, kisha akauliza kama mtu yeyote wa mjini hapa angeuliza: "Mnaenda wapi, dada zangu?"

"Tumefuata mchicha," wifi akadakia.

"Hatuendi popote, mama," nikasema. "Tunazunguka tu."

Akanitazama mimi, akamtazama wifi. "Haya, zungukeni. Mchicha nikate mwingi?"

Wifi akanunua mzigo wa kukumbatia, unamchuruzikia maji kwenye gauni. Njia nzima ya kurudi alilalamika mikono inamuuma. Mara moja tu alinyamaza, yangeyange mmoja aliporuka juu yetu. Akamfuata kwa macho mpaka alipotua. Naliandika hilo kwa sababu lilitokea, ingawa yeye atalikana.

Tulipokaribia mezani akanisukumia fungu moja. "Shika. Kila Jumapili ukirudi na mchicha, nani atakuuliza? Hata kikao hakuna tena."

Alinitakia mema, najua. Na moyo wangu ulisita, maana fungu la mchicha si mzigo. Lakini nilimrudishia.

Mtani alikuwa mlangoni kwake. "Enhe, kesi imeishaje?"

"Tulienda kununua mchicha," wifi akasema, akiuinua aone.

"Yeye ndiye aliyenunua mchicha," nikasema, kwa sauti ile ile ninayonadia viatu, watu wasikie. "Mimi nimezunguka. Sikununua kitu, sikumfuata mtu, na Jumapili ijayo nitazunguka tena. Na wewe wifi, kikao ukikiitisha, kiwe jioni. Asubuhi sitakuwepo."