Maneno Thelathini ya Donati

Donati wa Mikumi alisoma hadi darasa la pili, na kwa maelezo yake mwenyewe la tatu halikuwa na kitu cha kumwongezea. Kwa hiyo hakushangaa mwaka 1951, kwenye shamba moja la mkonge karibu na Kilosa, Bwana Mkubwa, mwenye shamba, alipomtoa kwenye ukataji na kumkabidhi mpwa wake amfundishe Kiswahili. Huyo mpwa, Stavro, alikuwa kijana wa Kigiriki aliyeshuka kwenye treni bila neno hata moja.

"Kipande kimoja," alisema Bwana Mkubwa. "Kikijaa, awe anasimamia wakataji peke yake. Akishindwa, unarudi kwenye panga."

Kipande ni kadi ya kazi, ina vyumba thelathini, kila siku chumba kimoja. Donati akapiga mahesabu ya kisomi: siku thelathini, maneno thelathini. Hayo hayaokotwi kama kuni.

Bwana Mkubwa alishamchagulia: upesi, nyamaza, lete, mvivu. Donati aliitika "ndiyo bwana", akayaacha palepale kibarazani. Miaka sita alikuwa anaambiwa upesi, na hakukumbuka hata siku moja lilipomharakisha. Chumba cha kwanza akaweka shikamoo.

"Mzungu amwamkie mkata mkonge?" mkewe Costancia alimcheka. "Utatufukuzisha, baba Sesilia."

"Ana miaka ishirini na miwili. Kwani kwao hawana wazee?"

Yakafuata pole, asante, maji, umelalaje, nyumbani hawajambo, na mengine ya namna hiyo, mpaka kadi ikajaa.

Asubuhi ya mtihani wakataji walijipanga, mbele yao Mzee Ulimboka, Mnyakyusa ambaye asipoondoka yeye haondoki mtu. Stavro akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Donati alihisi mpini wa panga kiganjani. Ulimboka alimtazama kijana taratibu, toka viatu hadi nywele.

"Marahaba, mwanangu. Umelalaje?"

"Salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo." Mzee akachukua panga lake, na wengine wakamfuata wakicheka hadi shambani. Kabla ya saa sita kazi ilikuwa imekwisha.

Ikabaki kuhesabu matita ya mkonge, kila tita majani thelathini. Stavro akasimama mbele ya la kwanza, kidole juu, mdomo wazi.

"Asante," akasema. La pili nalo, asante. Akaenda hivyo mpaka mwisho wa mstari.

"Donati," aliita Bwana Mkubwa, "huyu hajui moja wala mbili."

"Vyumba vilijaa, bwana. Moja mpaka thelathini inataka kipande kizima."

Bwana Mkubwa aliwatazama wakataji waliokuwa wakirudi mapema, bado wanacheka. Akamwagiza karani alete kadi mpya.

Jioni Costancia alimuuliza kama kweli alizisahau namba.

Donati akanyoosha miguu mkekani. "Mtu wa darasa la pili, mama Sesilia. Ataacha kusahau?"